Maji Niliyompunguzia Mama

Mama yangu alipoanza kukojoa kitandani, nilimpunguzia maji. Sikumwuliza mtu. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule pale Masasi mjini, na kazi yangu imenizoesha kuamini kwamba kila kasoro ina mahali pa kukatwa. Nguo ikiwa pana, unapunguza. Mama anajikojolea, nikapunguza maji. Nilijiona nina akili kweli.

Ilikuwa mwisho wa Oktoba, korosho zimeanza kuanguka. Kila mwaka msimu huo nafunga cherehani nampandia mama kijijini kwake Newala, mwendo wa saa moja kwa mguu kutoka Newala mjini, nikamsaidie kuokota. Baba alishafariki zamani. Wadogo zangu wawili wako mbali, na simu zao huwa hazina chaji korosho zikianza kuanguka, zinapata chaji zikishauzwa. Kwa hiyo mama alikuwa wangu mimi binti yake peke yangu, na hilo nalisema bila kujisifu, kwa sababu mwaka ule ingekuwa heri angekuwa na mtu mwingine.

Lazima nieleze habari ya maji, la sivyo nitaonekana mnyama tu. Kule juu mlimani Newala ardhi ni mchanga, mvua ikinyesha inazama moja kwa moja, na bomba likitoa leo unaweza kulisubiri wiki mbili. Mama alipokuwa msichana, wanawake walikuwa wanateremka bondeni alfajiri, wanachota, wanapanda mlima na mzigo kichwani, wanafika nyumbani jua limeshakuwa kali. Mtu aliyebeba maji yake hivyo hayanywi ovyo. Siku hizi nyumba nyingi za bati zina kisima cha saruji kilichochimbwa uani, maji ya mvua yanaingia kutoka kwenye paa wakati wa masika, na mfuniko unatiwa kufuli. Ufunguo wa kisima chetu ulikaa kwenye fundo la khanga ya mama tangu kisima kilipojengwa. Alikuwa na utaratibu wake: mgeni kwanza, kisha watoto, mdogo wake wa kiume akija, kuku, halafu yeye. Maji ya kuoshea mchele yalioshewa vyombo, yakanawiwa miguu, mwisho yakamwagiwa mpapai. Nilikuwa namtania kwamba mpapai wake unakunywa supu kila siku na sisi tunakunywa maji matupu. Alikuwa anacheka, lakini ufunguo hatoi.

Mwaka ule kisima kilikuwa kimebaki kidogo, ndoo ikishuka inagonga saruji. Na godoro la mama lilikuwa linanuka. Asubuhi ya kwanza nilifua shuka mbili na khanga, ndoo tatu zikaenda. Asubuhi ya pili vilevile. Ya tatu nilikasirika, na mimi nikikasirika mdomo wangu hauna breki. Nilimwambia, "Mama, wewe ni wa kulala kwenye mkojo kama mtoto mchanga? Mvua bado mwezi mzima!" Alikaa kwenye kigoda, magoti yamevimba kama kawaida yake, akawa anakunja na kukunjua pindo la khanga. Nikanyoosha mkono, nikafungua lile fundo, nikachukua ufunguo. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuushika bila kuomba.

Kuanzia siku hiyo alikunywa kikombe kimoja cha chai asubuhi na nusu bilauri ya maji mchana. Baada ya alasiri, hakuna. Hakulalamika hata mara moja, na kimya chake nikakihesabu kuwa amekubaliana nami. Kwa jinsi alivyolelewa, kutoomba maji ilikuwa adabu. Angeomba, nadhani ningempa. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na sina uhakika.

Shuka ziliendelea kulowa, safari hii kidogo kidogo, na mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi na harufu ya kutoa machozi. Nilidhani ni ubovu wa godoro.

Siku ya tano nilimkuta ukutani anatayamamu. Mama hakosi swala tano, na udhu wake anaupata kwa kopo moja tu. Sasa alikuwa anapapasa ukuta wa udongo kwa viganja, anajipaka vumbi usoni na mikononi, kama mtu aliye safarini asiyekuwa na hata tone la maji. Kopo la udhu lilikuwa miguuni pake, limejaa. Hilo sikuwa nimempunguzia. Nikasema moyoni, afadhali, ameanza kubana matumizi. Sikuelewa kwamba lile kopo halioni tena, kwamba kwake yeye maji yalikuwa yameisha duniani.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Alisema kuna watu wanatembea juu ya bati wakibeba mitungi. Alisema kisimani wamekaa wanawake na watoto migongoni, tusifungue mfuniko wasije wakapigwa na baridi. Alimwita jogoo kwa jina la marehemu baba, akamgombeza kwa kuchelewa kurudi, na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Mwanamke aliyekuwa anaujua kila mkorosho, nani aliupanda na lini ulianza kuzaa, alisimama chini ya mikorosho yake mwenyewe akaniuliza hapa ni kwa nani. Asubuhi alikuwa afadhali, mchana anazama. Mara anafoka, mara anasinzia na tonge mkononi. Nilianza kumwogopa. Nilikuwa napita upande wa pili wa nyumba nisikutane na macho yake.

Nikamwita mjomba, mdogo wake mama. Kwetu mjomba ndiye mwenye kauli. Sisi watoto ni wa upande wa mama, na jambo zito halifanyiki bila yeye kusema neno. Alikuja kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Dada yuko wapi?"

Aliingia chumbani akakaa naye kidogo, akatoka macho mekundu.

"Huu ni uzee," alisema. "Mama yetu naye aliishia hivi hivi."

"Mimi nataka kumpeleka hospitali."

"Ukamtembeze dada yangu barabarani akiwa anaongea maneno yale? Watu wamwone? Mwache apumzike. Funga tu mlango asije akatumbukia kisimani."

Nilikubali haraka mno. Neno uzee lilinipumzisha, kwa sababu uzee hauna wa kulaumiwa. Jirani naye aliniambia mama amerudi utoto, nikaitikia. Nikafunga mlango wake kwa nje. Mchana kutwa alikuwa anaupiga kwa viganja, wala si kwa nguvu, polepole tu, kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwa watu. Mimi niko uani nabangua korosho nasikia. Nikaongeza sauti ya redio.

Asubuhi moja nilisahau komeo. Nilikwenda kuokota korosho, na niliporudi mlango ulikuwa wazi, mama hayupo, na ndoo haipo. Nilikimbilia kisimani, kufuli iko mahali pake. Nilizunguka nyumba za jirani nikimwulizia. Mwanamke mmoja aliyekuwa anatoka shambani akaniambia amempita bi mkubwa kwenye njia ya zamani ya bondeni, ndoo kichwani, chini yake kata ya khanga ameiviringa vizuri kabisa. Amemwamkia na hakuitikia.

Njia ile hakuna anayeipita siku hizi. Imeota majani na mawe yake yamelegea. Nilishuka nikiteleza, nikimwita, mpaka nilipomwona. Alikuwa ameketi kwenye jiwe katikati ya mteremko, magoti yamemshinda, miguu inatoka damu, ndoo bado kichwani ameishika kwa mikono miwili. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu usiyemjua lakini humwazii ubaya.

"Leo tuko wengi," aliniambia. "Simama nyuma yangu."

Mbele yake hapakuwa na foleni wala mtu. Nilimshika mkono nimwinue, ukaniunguza. Ngozi ilikuwa kavu na ya moto, midomo imepasuka, ulimi umeganda kinywani. Nilipiga yowe pale porini. Kwa siku zaidi ya kumi nilikuwa nimemfulia, nimemfokea, nimemfungia, na sikuwa nimemgusa. Hata mtoto wa jirani akilia unamwekea kiganja kwenye paji la uso kwanza. Mama yangu nilimpima kwa pua na kwa masikio tu.

Nilimbeba mgongoni. Alikuwa mwepesi kiasi cha kunitia hofu. Mjomba alikuwa ameshafika nyumbani, amesimama mlangoni, na kabla hajafungua kinywa nikamwambia, "Mjomba, nisamehe, lakini leo sikusikilizi." Sikuwahi kumwambia mkubwa wangu maneno kama hayo. Akasogea pembeni. Jirani mmoja alikuwa na pikapu ya kubebea korosho. Tukamlaza mama juu ya magunia matupu, tukateremka mlima hadi Masasi, tukapitiliza mpaka hospitali kule Ndanda. Njia nzima alikuwa analia kwamba tumeiacha ndoo. Kweli tulikuwa tumeiacha.

Tabibu aliyetupokea alikuwa dada mdogo kuliko binti yangu. Alimshika mama kichwani, akamwita bibi, akamsikiliza kifua, akabonyeza tumbo la chini na mama akaguna. Kisha akanigeukia.

"Mama, bibi anakunywa maji kiasi gani kwa siku?"

"Ya kutosha," nikasema.

Nilisema hivyo. Mama yangu yuko pale kitandani anachuma vitu visivyoonekana hewani, na mimi nalinda heshima yangu mbele ya mtoto. Yule dada hakubishana nami. Alifinya ngozi ya nyuma ya kiganja cha mama, akaiachia, na ngozi ikabaki imesimama kama kitambaa kilichopigwa pasi vibaya. Tukaiangalia sote wawili. Akaniuliza tena swali lile lile kwa sauti ya chini zaidi. Ndipo nikamwambia yote, shuka, kufuli, chai, nusu bilauri. Nilimsubiri anitukane. Angenitukana ningepata mahali pa kusimama. Akaandika tu.

Vipimo viliporudi alinikalisha kwenye benchi akanieleza. Mama alikuwa na maambukizi kwenye njia ya mkojo, na huenda ndiyo yaliyomfanya aanze kulowesha kitanda. Maji yalikuwa sehemu ya dawa yake. Nilipompunguzia, vijidudu vikapata nafasi ya kuzaliana.

"Lakini hakusema anaumwa," nikamwambia. "Hakutaja hata sehemu moja inayomuuma. Alirukwa na akili tu."

"Wazee wengi wako hivyo. Mwili ukishambuliwa unajibu kwa moto, unavimba, unawaka. Kwangu mimi moto huo ungeishia pale penye ugonjwa, na ningelia maumivu. Kwa bibi umesambaa mpaka kichwani, na kichwa ndicho kimelia kwanza. Huu si wazimu, mama, na si uzee."

Kisha akaniuliza magoti yamevimba tangu lini. Miaka mingi, nikasema. Na uchangamfu wake je? Nikakumbuka kwamba kwa miaka miwili mama alikuwa ameacha kwenda harusini, ameacha hata kwenda msibani, jambo ambalo kwetu mtu mzima haliachi. Alikuwa anashinda kwenye kigoda anaangalia mchanga. Nilikuwa namwambia anadeka. Tabibu akasema mwili unaoishi na uvimbe wa muda mrefu mara nyingi unauchosha moyo wa mtu, na huzuni ya namna ile nayo ni ugonjwa, ina dawa zake, inatakiwa kutazamwa. Nilikuwa nimeitazama kwa miaka miwili.

Siku zilizofuata siwezi kuzipanga vizuri. Dripu, sindano, mpira wa mkojo. Mama alikuwa anauvuta mpira na sindano mpaka damu, na ikabidi afungwe mikono kwa bendeji kwenye chuma cha kitanda. Mimi niliyemfungia mlango ndiye niliyemshikilia afungwe mikono. Alikuwa ananiangalia akisema, "Mwiteni mwanangu."

"Mimi hapa, mama."

"Hapana. Wewe ni yule wa ufunguo."

Nilikwenda nyuma ya wodi, nikashika ukuta. Nilimwomba Mungu mambo ya kijinga. Nilimwambia achukue macho yangu, nisishone tena, ilimradi mama anijue kabla hajafa. Sikuomba apone. Niliona kuomba apone ni kuomba mengi mno kwa mtu kama mimi. Niliomba tu asiondoke akiamini kwamba aliyekaa kando ya kitanda chake ni yule mwanamke mwingine.

Siku ya sita alfajiri aliamka, akanitazama muda mrefu.

"Umekonda," alisema. "Na korosho anaokota nani?"

Nilicheka na kulia kwa kelele mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaniambia ninyamaze, watu wamelala. Nilimpigia simu mjomba. Akaniambia kwamba siku zote zile alikuwa anakwenda kusimama kwenye njia ya bondeni. Hakusema kwa nini, nami sikumuuliza.

Tabibu alinionya mapema kwamba homa inashuka haraka lakini akili inarudi kwa mwendo wake, na nyingine hairudi. Nilimsikia kama anayesikia tangazo la watu wengine. Nikamchukua mama nyumbani kwangu Masasi, kwenye bomba la uani, nikidhani kazi iliyobaki ni kumlisha. Majina aliyakumbuka, swala zake zikarudi, udhu ukarudi. Uso wake ndio haukurudi. Alikaa mlangoni akitazama ukuta wa jirani, chakula kinapoa mapajani. Tukaanza dawa ya ile huzuni, na dawa ya magoti, na mimi nikajifunza kumgusa paji la uso kila asubuhi hata kama hakuna sababu.

Mchana mmoja nilikuwa nashona, yeye ameketi pale pale mlangoni. Akaniuliza ufunguo wa kisima uko wapi. Nikamwambia yuko nao mjomba.

"Ulifanya vizuri," akasema.

"Nilifanya nini, mama?"

"Kunifungia maji. Nilikuona. Nikasema, mwanangu amekuwa mtu mzima, ameshajua. Maji yakibaki kidogo wanapewa wenye kazi mbele yao. Mimi nilikuwa nimeshamaliza yangu."

Nilisimamisha cherehani. Angesema nilimtesa ningeanguka miguuni pake nikaomba radhi, na radhi nilikuwa nimeiandaa tangu Ndanda. Hili sikuwa nimeliandalia kitu. Mle chumbani gizani, akipiga mlango kwa viganja, mama alikuwa ameamini kwamba binti yake ameamua afe, akakubaliana naye, na akajivunia jinsi alivyomlea. Nikamwambia hapana, mama, nilikuwa mjinga, nilifikiria shuka tu, sikujua unaumwa. Nilieleza, nikaeleza tena kwa Kimakonde nikidhani labda Kiswahili ndicho kinachoniangusha. Nilipiga magoti sakafuni kwenye vipande vya vitambaa nikalia kama mtoto. Alinishika kichwa akawa ananipapasa, kama mimi ndiye mgonjwa.

"Usilie," alisema. "Hukukosea."

Nimejaribu kila njia tangu siku hiyo. Nimemleta mjomba amwambie, na mjomba alimwambia mpaka naye akalia. Nimemwonyesha bomba linavyotiririka, nimeliacha likamwagika ardhini mbele yake, na yeye akanigombeza kwa uharibifu. Anasikiliza yote kwa heshima, anaitikia, na haamini. Akili yake imepona kabisa kila mahali isipokuwa hapo, na hapo hapana dawa niliyopewa.

Namletea maji mwenyewe, simwachii mtu. Kwanza ataniuliza kama watu wote nyumbani wamekunywa. Namwambia wamekunywa. Anapokea kwa mikono miwili, anakunywa hadi nusu, anaishia hapo. Kisha ananiinulia uso, bila kinyongo, kwa adabu ile ile aliyokulia nayo, anauliza kama anaweza kumaliza. Namwambia maliza, mama. Tabibu aliagiza bilauri sita kwa siku. Ananiuliza mara sita.